Mkanda Mweupe, Mara ya Pili

Mkanda wa kahawia niliupata Wete,
mwaka niliomaliza kidato cha nne.
Nilipasua ubao wa mvule kwa ngumi moja,
watu wakashangilia, nikajiona chuma.

Chuma kimekaa kitini miaka ishirini na mitatu:
mihuri, mafaili, maandazi ya saa nne.
Goti la kushoto husema kabla sijasema;
nikichutama, hulia kama mlango wa choo cha skuli.

Mwalimu wangu wa karate, angali mkavu kama ufito,
alinitazama tumbo, akatazama pembeni.
"Rudi," akasema, "lakini taratibu."
Sikurudi.
Ukumbi ule unamjua kijana mmoja,
na kila teke langu lingemsengenya.

Gombani, Jumanne na Ijumaa baada ya alasiri,
pana judo. Hakuna teke. Watu hushikana kola.
Nikajiambia: pale sina jana.

Tabibu akainua picha ya goti dirishani:
"Hili limekuzidi umri. Ukicheza, cheza,
ila likivimba usinigongee usiku."
Mize hakuinua uso kwenye mchele anaoupeta:
"Ukivunjika, nani atakukogesha?
Mgongo wangu ulishachukuliwa na wanao."

Nikaenda.
Magunia yameshonwa pamoja, ndani makumbi.
Watoto kumi na wanne, na mie,
suti haikutani tumboni, nimeibana kwa pini.
Mwalimu ni Tumu binti Faki.
Cheti chake cha kuzaliwa
nilikigonga muhuri kwa mkono huu.

"Nianze na nini? Kumwangusha mtu?"
"Kuanguka," akasema. "Mwezi mzima."

Mwezi mzima! Kisiwa hiki hiki,
ambacho kila msimu wa karafuu
wodi hujaa walioanguka bila kufundishwa?
Baba alikuwa juu ya mkarafuu, na mkarafuu hauna ahadi.
Alishika tawi, tawi likaja naye.
Mkono ulionyooka ndio uliotangulia ardhini,
nyonga ikafuata.
Miaka tisa kitandani, wosia wake mmoja:
Shikilia, mwanangu. Usiachie.

Na huyu binti ananambia:
"Usiupe mkono ardhi. Kunja kidevu, tazama mkanda wako.
Toa pumzi. Piga gunia kwa kiganja chote,
kama unamfukuza kuku."

Nikasimama kama mbuzi mbele ya maji.
Kilo tisini na nne zikaanza kushauriana,
goti likataka kikao cha faragha.
Kitoto kimoja, Salhina, hakijaota meno ya mbele,
kikanambia: "Babu, funga mdomo, utajiuma ulimi."

Babu! Nina miaka arobaini na mmoja.

Nikaanguka.
Paa!
Vumbi la makumbi likapanda hadi puani.
Nikahesabu mifupa, yote ikaitika,
ila bega, lililosema litanijibu kesho.
Likanijibu. Siku tatu sikuweza kuvaa kanzu
bila kuomba msaada.

Wiki ya tatu goti likavimba.
Nikakaa ukutani, nimenuna, nikitazama
watoto wanavyodondoka kama maembe na kucheka.
Tumu akaniletea barafu ya ukwaju ya duka la jirani,
akaifunga gotini kwa mkanda wangu mweupe.
"Leo zoezi lako ni kukaa," akasema.
Ilipoyeyuka nikaing'ata pembe, nikainywa.

Sijamwangusha mtu bado.
Usiku Mize amenikuta chumbani,
godoro liko sakafuni, kidevu nimekikunja,
najitupa nyuma na kukwama katikati,
mkono mmoja umeng'ang'ania ukingo wa kitanda.

Akasimama mlangoni, kanga begani.
Nikangoja maneno.
Akauchomoa mkono wangu, kidole kimoja kimoja,
akanisukuma kifuani.

"Haya," akasema, "mfukuze huyo kuku."